Waliokufa Ndani ya Miwani

Binti huyo alikuwa akijifunza udaktari hospitalini; wenzake walimwita Mtikisiko, na jina halikumwonea: mikono yake ilitetemeka hata akishika kikombe kitupu. Mara mbili alishindwa kumwekea mgonjwa mrija wa kutoa hewa iliyonaswa kifuani. Daktari Mkuu, mzee asiyejua kubembeleza mtu, akamwambia akishindwa mara ya tatu afungashe virago, udaktari akausikie redioni.

Basi binti akajifungia na ile miwani ya kompyuta ambayo wanafunzi hufanyia mazoezi. Jamani, kile kidude! Ukikivaa tu, uko wodini, mgonjwa anahema mbele yako, na ukikata pabaya damu inaruka kwelikweli. Utamuua, utalia, utaanza upya, na hakuna nyumba yenye msiba. Wiki tatu nzima alikata, akaua, akarudia. Siku moja muuguzi wa zamu alichungulia, akamkuta anakunja ngumi hewani.

"Mwanangu, unagombana na nani?"

"Nachukua kisu, mama." Humo ndani vifaa huchukuliwa hivyo.

Mara ya tatu ikaja na fundi wa paa aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Hewa ilikuwa imembana kifuani, midomo imeanza kubadilika rangi. Mtikisiko akavaa glavu, akachoma sindano ya ganzi, kisha akanyoosha mkono na kukunja ngumi hewani. Hakikuja kitu.

"Unakamata nzi?" Daktari Mkuu akafoka.

Aibu iliyoje! Lakini yule muuguzi alishaelewa, akamtia kisu kiganjani. Na mkono ule, wallahi, ukatulia tuli. Kidole kikatafuta ubavu, kikapita juu yake bila kuuliza njia. Mrija ukaingia. Maji ya kwenye chupa iliyoungwa na mrija yakabubujika kwa hewa iliyotoka, fundi akavuta pumzi ndefu, na neno lake la kwanza likawa kuitukana ngazi. Wodi nzima ikacheka.

Baadaye Daktari Mkuu alimfuata binti kwenye sinki alikokuwa akinawa.

"Kwenye hiyo miwani umeua wangapi?"

Binti akajua leo yamemfika, lakini akasema kweli. "Arobaini na mmoja, Daktari."

"Wakaamka wote?"

"Ukibonyeza kitufe tu, wanaamka."

Mzee akaitazama mikono yake mwenyewe, mikono ambayo hospitali nzima iliisifu.

"Wangu wa kwanza alikuwa mama wa watoto wanne," akasema polepole. "Nami sikuwa na pa kubonyeza."