Wimbo wa Shampuu

Mimi si mtu wa kushangazwa na televisheni. Matangazo ya hapa Marekani yananipandisha presha tu: mtu anakufokea ununue gari utadhani umemwibia la kwake. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka 2004, sebuleni kwa Mwalimu Venuste pale Adelphi, tangazo la biashara lilinifunga mdomo, wanaonijua wataelewa kuwa jambo lilikuwa zito.

Mwalimu Venuste, mtu wa Uvira, ndiye aliyefundisha kwaya yetu ya Kiswahili. Lakini tangu mkewe afariki alikuwa anatupitisha kwenye nyimbo zilezile za zamani, tena yeye mwenyewe haimbi. Anapunga mikono, midomo kaifunga. Binti yake Keza, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa anakaribia kubatizwa, tukamwomba baba mtu atunge wimbo wa siku hiyo.

"Haiko tena ndani yangu," alisema, na hatukumbishia.

Siku ya tangazo lile tulitaka kurekodi mazoezi kwa video. Anysie, wa sauti ya kwanza, alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kijapani kule Annandale, Madame Sakamoto, ambaye mpwa wake alimtumia kanda za tamthilia kutoka Osaka. Bibi akishazitazama anampa Anysie, nasi tunarekodi juu yake. Yule mpwa alijaribu kuyakata matangazo, ila kidole chake kilikuwa kizito, kwa hiyo vipande vya matangazo vilibaki. Venuste akachomeka kanda moja aone kama ni nzima.

Kinanda kiligonga noti tatu, taratibu. Mwanamke mwenye nguo nyeupe akaingia mtoni, ukungu umetanda. Akafumba macho. Mikono ya mtu tusiyemwona ikammiminia maji kichwani, na maji yenyewe hayakuwa na haraka hata kidogo. Kisha akainua kichwa. Mungu wangu! Nywele zile nyeusi zilipaa, zikachora upinde hewani, zikarudi mgongoni unywele mmoja mmoja, huku matone yamening'inia kwenye jua kama yamesahau kudondoka. Sauti ya kike ikaimba bila neno lolote. Halafu pakakatika, tukarudi kwa polisi wa Kijapani wanaofokeana.

"Hivi ndivyo wanavyobatiza kwao?" niliuliza, nilipopata pumzi.

"Madame anasemaka huyu mwanamke iko vedette kabisa," Anysie akajibu. "Kule kila mutu anamujua."

"Sasa nyota si mtu? Naye anabatizwa."

Tukakubaliana wote. Nguo nyeupe, mto, maji mengi, uso uliotulia kama wa mtu aliyesamehewa: ingekuwa nini kingine? Nami nilisisimka mwili mzima, nikatamani nibatizwe upya.

Venuste alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni. "Rudisha," akaniambia. Nikarudisha. "Rudisha tena, mama." Nikarudisha mpaka kidole kikauma. Mara noti zile tatu zikatoka kooni mwake, chini sana, zina kutu. Keza alitokeza kwenye mlango wa jikoni na sahani inayochuruzika maji, akabaki amesimama palepale.

Boksi zima la kanda alizoleta Anysie lilibaki kwao, na kabla mwezi haujaisha wimbo ulikuwa tayari. Venuste aliutilia maneno ya mtu anayeshuka majini na mzigo wake na kupanda bila huo mzigo. Sijawahi kuimba kitu kizuri kama kile.

Mkesha wa ubatizo nilikwenda kumsuka Keza. Baba yake alikuwa kazini. Mtoto yule Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu ni Kiingereza.

"Tantine, it's shampoo."

"Nini ni shampuu?"

Akachomoa kanda nyingine chini ya godoro lake, akaiweka. Kwenye hii mpwa wa Osaka alikuwa amesahau kubonyeza akate tangazo. Mto uleule, nywele zilezile, kisha mwanamke akageuka, akatabasamu, na pembeni yake ikatokea chupa ndogo ya rangi ya waridi. Akanong'ona jina la shampuu kama anakupa siri. Basi.

Nikakaa chini. Watu hawa, jamani! Wamekupa mto, wamekupa jua, wamekupa nyota wao na wimbo wa kukutoa machozi, na sabuni wameitaja wakati wewe roho imeshakutoka zamani. Ningekuwa na duka karibu ningeikimbilia.

Halafu hasira zikanipanda. Kwaya nzima tunamwimbia Mungu sabuni! Nikainuka nimpigie simu Venuste. Keza akanikamata sketi.

"He sings when he cooks now," alisema, na machozi yakamtoka. "Please, Tantine. Ukimwambia, he'll stop."

Mdomo wangu hauna breki, hilo nalijua. Lakini nilimtazama mtoto yule, nikaketi, nikaendelea kusuka.

Siku ya pili, katika kanisa tunalokodi Riverdale Park, Venuste aliimba peke yake ubeti wa kwanza. Sauti iliyokuwa na kutu ilikuwa imesafishika. Mchungaji akamzamisha Keza, naye alipoibuka akatupa kichwa nyuma, maji yakaruka mpaka yakanifikia usoni. Nililia bila haya.

Baadaye, kwenye chai, Anysie akaja na Madame Sakamoto. Bibi, mdogo kama mtoto wa shule, alimpa Venuste kifurushi kwa mikono miwili.

"Niliimba wimbo yetu nikisafisha vyombo, Madame akafurahi, akasema anaijua!" Anysie alieleza, kifua mbele. "Ameagiza kado ya Keza kutoka Osaka."

"Zawadi hufunguliwa nyumbani," nikasema haraka, lakini Venuste alikuwa ameshachana karatasi. Chupa ya waridi. Uso wa yule nyota juu yake. Keza akanibana mkono hadi mifupa ikalia.

Venuste aliigeuza chupa. Akafungua kifuniko, akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu.

"Kumbe inanukia hivi," akasema. "Nilikuwa najiuliza siku zote."

"Papa, you knew?"

"Kanda ile niliitazama peke yangu usiku mmoja, mbele ya wewe kuificha. Kesho yake nikaitafuta, nikaikuta chini ya godoro lako." Akamkabidhi chupa kwa mikono miwili, kama bibi alivyofanya. "Nikajua mtoto wangu anataka niimbe. Basi nikaimba."