Miwani ya Baba na Foleni ya Kipini

Jana mchana, baada ya kula, nilijilaza kwenye kochi hapa Nakuru. Kabla redio haijamaliza matangazo ya vifo, nikawa nimeshafika Kipini, mahali mto unapoingia baharini, ndani ya ofisi ya zamani ya baba.

Baba, Mzee Bwanaheri, alikuwa mpima maji. Miaka thelathini aliteremsha sahani nyeupe baharini kwa kamba, ajue mwanga unafika wapi. Sasa ana miaka kumi na miwili kaburini. Ofisi ilikuwa vilevile: harufu ya wino na samaki wakavu wa ng'onda, koti lake msumarini. Ila sakafu haikuwepo. Chini ya meza ilikuwa bahari.

"Karibu, dada," sahani ikaniambia. "Wanakusubiri."

Waliosubiri ni ile mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho. Leo ina vimo vya watu, na imepanga foleni mpaka nje. Wa mbele anaishi ndani ya kijumba cha kioo.

"Shikamoo," namwamkia, maana ukoo wao ni wa zamani kuliko wetu.

"Marahaba. Tumekuja kukua."

"Kueni basi."

"Hatuwezi. Mwanga tunao, joto lipo. Upepo umekoroga maji, mbolea ya chini imepanda juu. Lakini mvua za bara zimechelewa, mto haukuleta madini ya kujengea vioo vyetu. Na kanuni unaijua."

Naijua. Baba alinifundisha: kilicho haba kuliko vyote ndicho kinachotawala. Nageuka, namkuta Haba mwenyewe amekalia kiti cha baba, kijitu chembamba chenye kofia ya serikali. Wote wanamtazama yeye.

"Tusipokua leo," mmea anasema, "uduvi watalala njaa. Kisha kamba wachanga. Kisha watoto wa Kipini."

"Mnataka nini kwangu?"

"Kioo."

Ghafla ofisi ni jiko letu la utotoni. Wali wa nazi unatokota, nasikia bangili za mama nyuma ya mlango, na Haba bado ameketi, safari hii juu ya mbuzi ya nazi. Mkobani mwangu mna miwani ya baba, kitu pekee chake nilichobaki nacho.

Hata humu sakafu ni bahari; nachungulia majini. Kwa kuwa hakuna kilichoota, maji ni maangavu, na chini kabisa namwona baba, ameketi mchangani, anaandika.

"Baba!"

"Esha? Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Wape miwani."

"Nikiwapa watakua. Wakikua maji yatakuwa kijani, mwanga hautafika huko. Sitakuona tena."

"Hesabu yako ni sahihi," akasema, kwa sauti ileile aliyosahihishia madaftari yangu. "Kwani miaka yote ile nilipima mwanga ili nionekane mimi?"

Nikakaa kitako. Wali ukaungua, hakuna aliyeuepua. Mwisho nikaitoa miwani, nikampa yule mmea wa mbele.

Mmea akavivunja vioo viwili, akavila taratibu. Akagawanyika wawili, wanne, wanane. Haba akavua kofia, akaomba radhi, akaondoka. Uduvi wakaingia, wakasema bismillahi, wakaanza kula.

Maji yanageuka kijani. Namwona baba mabega, kisha mkono, kisha kalamu tu inayoandika. Kisha kijani kitupu. Nainama mpaka uso unagusa maji, nalia kama siku ile ya maziko.

"Mama Tima! Amka!"

Alikuwa mume wangu, Kombo. Jua bado lilikuwa dirishani.

"Unalia usingizini. Ulikuwa na nani?"

"Na baba."

Alinipangusa mashavu kwa leso yake nyeupe, akaitazama, akaenda nayo dirishani, akaitazama tena.

"Mke wangu," akaniuliza polepole, "huko kwenu pwani, machozi huwa ya kijani?"