Fundi Cherehani Aliyeelewa

Jumanne, kipindi cha pili, mwalimu wa kompyuta aliandika ubaoni kwamba kisanduku cha kuhifadhia namba kina tano, kisha akaandika amri ya kuongeza moja humohumo. Wanafunzi wakanakili. Kompyuta zote kumi na nane zikakataa, kama zilivyokataa wiki iliyopita na ile ya kabla yake.

Mwalimu alilijua kosa, na halikuwa lake. Mtaala ulitaka wanaoanza wafundishwe kutoa amri: chukua kisanduku, toa cha zamani, weka kipya. Lakini lugha ya kompyuta aliyoichagua mkuu wa idara, baada ya kuisikia ikisifiwa kwenye semina ya siku moja, haikuwa na habari ya kubadilisha kitu. Humo tano ni tano mpaka kiama. Ukitaka sita, unatengeneza sita mpya, na tano inabaki palepale. Mwalimu aliipenda lugha ile, ila kufundishia amri kwa lugha hiyo ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na alikuwa amechoka kutwanga.

"Lugha ni lugha," mkuu wa idara alimwambia alipokwenda kulalamika mara ya nne. "Wewe fundisha tu, mwalimu."

Aliyemuumiza roho zaidi ni fundi cherehani, mama wa makamo aliyekaa mbele, tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa amefeli mtihani wa kozi hiyo mara mbili. Akifeli tena, jina lake lingefutwa.

"Tundu la sindano silioni tena, mwanangu," alisema. "Herufi za kompyuta angalau zinakuzwa. Nikikosa cheti hiki sina pa kushika."

Mwalimu akauweka mtaala kando. "Mama, mteja akitaka gauni lipunguzwe, unafanyaje?"

"Nalikata."

"Lugha hii haikati. Inashona jingine dogo, inalipeleka hatua inayofuata. La kwanza linabaki kabatini."

Fundi aliivua tepu shingoni. "Kumbe!" akasema, akaelewa.

Fundi aliyeelewa akainuka. Fundi wa kwanza, ambaye hakuwa ameelewa, akabaki kitini, akijikuna kichwa. Mwalimu akaazima kiti cha ziada darasa la jirani, kisha akamfundisha upya aliyebaki. Naye akaelewa vizuri sana, akainuka, na kitini akabaki yuleyule asiyeelewa. Kufikia Ijumaa mafundi walioelewa walikuwa watatu, wakishirikiana bila ugomvi. Mwalimu alikuwa amekaukiwa sauti, na kitini hakuna kilichobadilika.

Akaenda kwa karani wa usajili.

"Namba ni moja," karani alisema bila kuinua macho. "Aliyesajiliwa ni wa kitini. Hao wengine wamekuja baada ya orodha kufungwa."

"Lakini ndio wanaojua!"

"Sijakataa kwamba wanajua, mwalimu. Hawana namba."

Siku ya mtihani aliingia wa kitini. Wale watatu walisimama nje ya dirisha, wakausoma mtihani kupitia kioo, na robo saa baadaye walikuwa wameumaliza kichwani. Ndani, mwenzao aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri, akaishia hapo.

Alifeli. Jina likafutwa asubuhi, na mchana mkuu wa idara akamwandikia mwalimu barua ya pongezi. Kwa mara ya kwanza, ilisema, mwanafunzi mmoja ametoa walioelewa watatu, hivyo lugha itaendelea, na muhula ujao ataongezewa wanafunzi arobaini. Mwalimu aliirarua barua vipande vipande. Ile nzima ikabaki mezani.

Jioni binti wa fundi alikuja kumchukua mama yake. Aliwaamkia wote wanne, shikamoo moja moja, nao wakaitikia.

"Nani amefeli?" akauliza.

"Mimi," alisema wa kitini.

Binti akamshika mkono. "Basi twende nyumbani, mama."

Wale watatu walitaka kufuata, wakakumbuka kwamba kipindi cha jioni bado hakijaisha.

"Tutakuja kuwaona," binti aliwaambia.

"Wewe utaingia," mwalimu alisema. "Mama yako atazuiwa getini. Jina lake limefutwa."

Binti aliwatazama wale watatu. "Basi yeye atawapungia akiwa nje."

Na ndivyo anavyofanya, kila Jumatano saa kumi, nao watatu humpungia kutoka dirishani.