Kikao cha Kumzika Veridiana

Mke wangu Veridiana alikuwa bado mochwari, na sisi Warundi wa Buffalo, huku Marekani, tulikuwa kwenye kikao cha tatu tukibishana azikwe Kikatoliki alikobatizwa au Kipentekoste alikookokea.

"Mzee, kule Louisville mwenyekiti wa Warundi, Sylveri, angeshamzika," Elisabeth, jirani yangu, alininong'oneza. "Yeye hamuulizi mtu."

"Kweli. Ila huyohuyo aliwakataza watu wasimzike kaka yake Veridiana, kwa kuwa marehemu alikuwa akimpinga. Tulimzika mimi na Veridiana tu. Ndiyo tukahamia Columbus, halafu huku."

"Na hawa wataongea mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu. Nimechoka."

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kikao akaniambia nisubiri, kuna walionitangulia, na wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anasalimia.