Ng'ombe wa Shaba wa Bi. Salome

Usiku wa jana niliota ng'ombe wa shaba ameingia kibandani kwangu mchana kweupe, akavuta benchi la wateja, akaketi.

Namjua. Ni saa ya mezani, ya ukumbusho, ya zile ambazo mabaharia hununua katika bandari za mbali ili wasirudi nyumbani mikono mitupu. Ubavu wake wa kushoto una uso wa saa, wa kulia una mfuniko. Kwa kawaida urefu wake ni shubiri moja. Katika ndoto alikuwa na urefu wa ng'ombe.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa sababu ya ukubwa wake.

"Marahaba. Nimekuja kesho."

"Kesho ipi?"

"Ile unayomwambia Bi. Salome."

Hapo nikajua nimekwisha. Bi. Salome Shekimweri, mjane wa baharia, alimwona ng'ombe huyu mnadani, juu ya turubai la mitumba, akamnunua na kuniletea. Anaamini ndiyo saa ileile aliyoletewa na marehemu mumewe, ambayo shemeji yake aliiuza siku za msiba bila kumuuliza mtu. Mimi ndiye niliyeitengeneza zamani. Kila saa inayopita mikononi mwangu naikwaruza herufi M, ya Mbaruku, na mwaka, ndani ya mfuniko. Mama wa watu alitaka kitu kimoja tu: nimwambie ndiyo au siyo.

Siku ileile nilifungua mfuniko. Haukuwa na M. Nikaufunga haraka, nikamwambia, "Njoo kesho, mama." Mpaka jana nimemwambia hivyo mara tisa. Naogopa kumtazama akisikia "siyo". Mtu mzima na mvi zangu, naogopa.

"Panda mgongoni," ng'ombe akasema.

Sijapanda, tumeshafika. Kesho ni ukumbi mkubwa wenye mabenchi, na humo wamo watu wote waliowahi kuambiwa na fundi yeyote waje kesho. Mzee mmoja amevaa kiatu kimoja. Bibi harusi anangoja gauni lake kwa fundi cherehani, na ubavuni kwake amekaa binti yake wa darasa la tatu.

"Harusi lini?" nikamuuliza.

"Ilishapita," akajibu. "Lakini fundi amesema limebaki pindo tu."

Bi. Salome yuko benchi la mbele, mkoba mapajani. Hanigombezi. Anajisogeza kunipisha nikae, na hilo ndilo lililoniuma.

"Fundi, umepata nafasi?"

"Bado kidogo, mama."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata yule wa kiatu kimoja.

Kalenda ya ukutani ikakohoa na kutangaza: "Ng'ombe asiyejulikana mwenyewe atakabidhiwa muuza supu saa sita kamili." Muuza supu alishasimama mlangoni, ameshika vitunguu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

"Nilishakutazama," nikamwambia ng'ombe kwa sauti ya chini. "Huna alama yangu."

"Umetazama mfuniko. Huu si wangu. Wangu shemeji aliupoteza, yule wa mitumba akanivalisha wa saa nyingine. Wiki tatu unausoma ubavu wa mtu mwingine."

Nilitahayari. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba mfuniko huhama, mashine haihami.

"Sasa nitafute wapi?"

"Chini ya uso. Lakini sivui uso mbele za watu nikiwa mchafu. Shemeji alinitia mafuta ya nazi ili nitembee. Meno yote yameganda."

Ukumbi ukawa josho, lile la kuogeshea mifugo, ila ndani mna petroli, ile ninayosafishia saa. Nimesimama ukingoni na mswaki. Ng'ombe anatumbukia, anaogelea, anatoka upande wa pili akitikisa masikio. Nasugua magurudumu yake jino kwa jino. Kila jino likisafika linasema, "Ahsante, fundi." Yako mia mbili na kitu, na adabu ni kuitikia, kwa hiyo tunachelewa.

"Dakika moja!" anaita muuza supu. Sufuria limeanza kuchemka.

Ng'ombe akavua uso wake kama mtu anayevua kofia, akanikabidhi.

"Haya, soma. Ilikuwa Januari, fundi, na mkono wako ulikuwa bado uko Desemba. Siku hizo alama uliiweka kwenye bamba, chini ya uso, nawe uliandika mwaka uliokwisha. Ukaukata kwa mstari, ukaenda kuandika upya kwenye mfuniko ili kosa lisionekane."

Nikainama nisome, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Ng'ombe alikuwa mezani, shubiri moja, kimya. Huwa narudi naye nyumbani jioni kwa sababu sikiamini kitasa cha kibanda. Sikunawa hata uso. Nilichukua bisibisi ndogo nikalegeza skrubu tatu za uso wa saa, ambazo tangu aletwe sikuwa nimezigusa. Harufu ya mafuta ya nazi ikanipiga puani. Nikafuta bamba kwa kitambaa, nikalisogeza dirishani.

M. 2003. Mstari umepita katikati ya tarakimu, umekwaruzwa kwa hasira.

Nimefanya makosa mengi katika kazi hii na karibu yote nimeyaficha. Hili nililibeba kwa mikono miwili hadi kwa Bi. Salome, bila kunywa chai. Alitoka anafuta mikono kwa khanga. Akavaa miwani, akasoma, akasogea kwenye mwanga, akasoma tena.

"Mbona mwaka umekatwa, fundi?"

"Nilikosea, mama. Ni mimi. Ndiyo yenyewe."

Akaketi palepale kizingitini na kumpakata ng'ombe. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba mashine bado chafu, kwamba bado haitembei, kwamba nitahitaji siku mbili hivi. Hakuuliza.