Watoto Hawahesabiwi

Marcellin alikuwa baba wa watoto, na mji mzima wa Salamabila ulijua, isipokuwa kampuni ya dhahabu iliyomlipa mshahara. Kwenye karatasi yake ya mshahara, pembeni juu, paliandikwa M0. Muda wote alidhani ni namba ya ghala analolinda. Mtu akishaona pesa yake, yaliyobaki anayasoma ya nini?

Maana yake aliijua siku Emmanuella, kitinda mimba wake, alipobanwa na pumu. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya kampuni. Muuguzi akatazama kompyuta, akamtazama mtoto anayehangaika kuvuta pumzi, akasema, "Papa Marcellin, hapa wanaandika uko na bibi, batoto hapana. Huyu ni mutoto wa nani?"

Swali gani hilo la kumuuliza baba! Mtoto alitibiwa kwa huruma, "leo tu," na Marcellin akabeba hasira zake mpaka ofisi ya mishahara.

Clémentine, mama wa mishahara, hakuwa mtu wa kelele. Alimwonyesha kwa kidole. "M ni marié, umeoa. Zero ni batoto. Serikali inapunguza kodi ya mushahara kwa kila mutoto. Weye wanakukata sawa mutu hana mutoto hata moja. Na zahanati inafuata kode ile ile. Nani aliandika hivi?"

Marcellin alijua nani. Siku ya kuajiriwa, karani wa zamani, mgeni wa kutoka mbali, alimuuliza ana watoto wangapi. Naye akacheka, akajibu kama wanavyojibu kwao upande wa Kasongo: "Mungu ametuangalia." Karani akaandika sifuri. Kwao mbuzi wanahesabiwa, magunia ya mpunga yanahesabiwa, lakini watoto hawahesabiwi. Ukitaja idadi yao, umekionyesha kifo mlango.

Labda Marcellin angeyapuuza hayo, kama si yaliyompata Ernestine mkewe. Walipopita wagawa vyandarua kuuliza idadi ya watoto, Ernestine ndiye aliyewajibu mlangoni: "Batano." Kabla vyandarua havijafika, mwana wao Salomon akafa kwa malaria. Tangu hapo neno hilo halitamkwi nyumbani kwao. Hata sokoni Ernestine hununua mayai manne au sita.

Marcellin alipomweleza habari ya ofisini, Ernestine aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Kisha akaenda sandukuni, akarudi na vyeti vya kuzaliwa.

"Peleka makaratasi, Baba Heri. Wasome wao. Lakini hesabu isitoke kwako. Unanisikia?"

"Haitatoka."

Clémentine alivipokea vyeti vizuri, kisha akasogeza karatasi moja mezani. "Andika hapa batoto ni ngapi, utie sahihi."

"Si uko na makaratasi, maman? Hesabu weye."

"Mimi siwezi kuapa juu ya batoto ya mutu. Baba mwenyewe ndiye anatangaza, ni sheria."

"Basi nitakutajia majina."

"Majina ninayo, papa. Mashini inaomba namba."

Marcellin akabaki na kalamu mkononi. Akiandika, amemsaliti Ernestine, na labda si Ernestine peke yake. Asipoandika, Emmanuella atabanwa tena na zahanati itauliza tena ni wa nani. Aliogopa, tena aliogopa sana, na aliona haya kuogopa tarakimu, yeye mwanamume anayelala na funguo za ghala la baruti. Nyuma yake waliokuwa wakingoja zamu walianza kukohoa kwa makusudi. Akaandika 4, ndogo sana, akaifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

"Imeisha," Clémentine akasema. "Kuanzia mwezi huu uko M4."

Nyumbani Ernestine alimuuliza jambo moja tu. "Ulihesabu?"

"Hapana. Walihesabu wao."

Ernestine akamshukuru Mungu kwa sauti. Marcellin aliona afadhali mkewe angempiga kofi.

Kodi ikapungua kama alivyoahidiwa, na Emmanuella akapewa dawa yake ya kuvuta, bila swali. Mambo yote yakawa mazuri, ila baba hakuwa mzima. Kila ugali ulipowekwa, macho yake yalizunguka sahani: Heri, Darlène, Pitchou, Emmanuella. Akifika mwisho, anaanza tena. Akiwa kazini alitamani kurudi nyumbani awahesabu. Akifika nyumbani, alitamani aache na hakuweza. Hakuna aliyemlazimisha sasa. Ulimi aliuzuia, lakini moyo ulikuwa umeshajifunza.

Jumamosi moja Pitchou alikawia kisimani. Wenzake walianza kula. Marcellin akazunguka sahani mara moja, akazunguka tena, tonge likapoa mkononi mwake. Ernestine alikuwa anamtazama midomo, inayocheza bila sauti.

Hakupiga kelele. Alisukuma bakuli la sombe pembeni.

"Ni weye ulisema," alisema. "Uliwapa hesabu."

Marcellin alitaka kumweleza habari ya sheria, ya mashini, ya pumu.

Ernestine akainuka, akasimama mlangoni, akatazama njia ya kisimani. Njia ilikuwa tupu. Akageuka polepole kuwaelekea watoto waliozunguka sahani, akainua kidole cha kuhesabia ambacho hakuwa amekiinua tangu Salomon afe.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Akageuka tena kutazama njia. Wote wakangoja, hata watoto, ambao hawakujua wanangoja nini.