Kiti Kisichokaliwa

Walianza kuniita Babu siku ile ile niliyobisha hodi, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilikuwa nachechemea. Wao wenyewe, ndugu wa nyumba ya Omikron Tau Rho, walikuwa vijana ambao ndevu zao bado ziliota kwa mafungu, kama nyasi kwenye kiwanja kinachochezewa mpira kila siku. Mimi nilikuwa nimeezeka mapaa nusu ya jimbo la Ohio, mpaka paa moja la mjini Sandusky likaamua kwamba imetosha. Nilianguka, goti likavunjika, mke akaondoka na mbwa akamfuata. Nikabaki na fimbo na muda mwingi. Ndipo nikajiandikisha chuo.

Sasa mtu mzima anatafuta nini kwenye chama cha udugu cha watoto wa chuo? Nilikuwa nalala kwenye kochi, katika nyumba ya magurudumu ya Rollo, kaka wa yule aliyekuwa mke wangu. Kila asubuhi Rollo alinipita akienda chooni bila kusema neno. Simlaumu. Hakujua aniite nani: shemeji si shemeji tena, mgeni si mgeni. Nikawa nataka kulala mahali ambapo mtu akinikuta asubuhi ataniita ndugu, hata kama ananidanganya. Kwenye ile nyumba kulikuwa na chumba kitupu ghorofani, na halali humo ila ndugu aliyeapishwa.

Basi nikawa mwari. Wenzangu wawili walioanza nami walikimbia kabla ya majani kupukutika, nikabaki peke yangu na makungwi wangu. Kungwi mkuu aliitwa Grady Ostrander, kijana mwembamba anayesoma kemia, mwenye sauti ya mtu anayetangaza msiba. Juu yake alikuwepo rais wa nyumba, Whitaker Boone, ambaye hata soksi zake alizipiga pasi. Na mimi nilipewa kaka mkubwa wangu mwenyewe, Tobin Haverkamp, miaka ishirini, anayetakiwa kuniongoza katika maisha. Tobin alikuwa hajui kufua mashati yake. Nilimfundisha, na kila tukimaliza nilisema, "Asante kaka," kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa.

Nilikariri kila kitu. Nilikariri majina ya waasisi na mwaka walioapiana kwenye ghala la mahindi. Nilisoma herufi za Kigiriki mara tatu huku nimeshika kijiti cha kiberiti kinachowaka, maana ukichelewa moto unakufikia. Vidole vyangu viliungua kwa lami ya mapaa zamani mpaka havisikii kitu, kwa hiyo niliendelea kusoma taratibu huku moto ukinipapasa. Grady aliniangalia kwa heshima kubwa. Sikumwambia.

Nembo ya nyumba ilikuwa na bata bukini aliyesimama kwa mguu mmoja, ngazi iliyokosa kipandio, na taa. Bukini ni uangalifu, ngazi ni unyenyekevu, taa ni taa. Nilipouliza kwa nini ngazi imekosa kipandio, kama fundi nilitaka kujua, Grady alinijibu, "Babu, hiyo ni siri ya daraja la pili." Sawa.

Lakini kilichonisumbua ni kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa mwisho wa meza kubwa, cha mwaloni, mgongo mrefu. Kila Jumapili mchana tulipokula pamoja, mwari alitakiwa kuweka mbele ya kiti hicho sahani iliyojaa: paja la kuku wa kuoka, viazi vya kuponda, mchuzi mzito juu. Hakuna aliyekikalia. Chakula kilipoa, kikatupwa. Na siku ya kuapishwa, ndugu mkongwe kuliko wote waliohudhuria humwuliza mwari swali moja: kiti hiki ni cha nani? Unamnong'oneza sikioni. Ukipatia, anakuambia karibu ndugu. Ukikosea, anageuza uso ukutani bila kusema neno, nawe unatoka kwa mlango wa mbele na habari yako imekwisha. Hakuna kurudia.

"Na jibu lenyewe?" nilimwuliza Grady.

"Utaambiwa wiki ya mwisho."

Nikaambiwa. Shida ni kwamba niliambiwa sana.

Grady alinivuta nyuma ya ngazi za ghorofani, akanishika mkono ule mshiko wetu wa vidole viwili, akasema, "Kiti ni cha Josiah Penrow, mwasisi aliyekufa vitani."

"Vita gani? Si mliniambia chama kilianzishwa vita vimekwisha?"

"Vita, Babu! Vita vyovyote! Usinichanganye. Na usimwambie mtu."

Kesho yake Tobin alinikuta nafua. Akaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. "Grady kakwambia ni cha marehemu, eh?"

"Siwezi kusema, kaka."

"Kakwambia. Usoni inaonekana. Sikiliza, yule alipewa jibu na mtu aliyefukuzwa chuo. Kiti ni cha adui. Unakula huku unajua kuna anayekuchukia anakutazama. Ndiyo maana chakula kinaachwa kipoe. Mimi ndiye kaka yako, ningekuongopea?"

Halafu Whitaker akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanyoosha kola. "Hawa vijana wanapotosha mila," alisema, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mbili. "Kiti ni cha ndugu ambaye hajazaliwa. Tunamwekea chakula kabla hajaja. Hilo ndilo jibu. Rais humwachia rais."

"Na hao wengine waliapishwa kwa majibu gani?"

Whitaker alinitazama kama nimemwuliza uzito wake. "Mkongwe wa mwaka ule alikuwa na haraka," alisema.

Usiku wote ule nilijilaza kwa Rollo nikigeuka huku na huku kwenye kochi. Marehemu, adui, ambaye hajazaliwa. Kila jibu lilikuwa na sababu zake na kila aliyenipa aliapa kwa bukini. Nikikosea, kochi hili ndilo langu.

Jumapili ikafika. Mapazia mazito yalifungwa saa saba mchana, ndugu wakavaa majoho meupe, wapata dazeni hivi, viatu vya michezo vikichungulia chini. Viti vyote vilisukumwa ukutani na kurundikwa, isipokuwa kile. Sahani ikawekwa, kuku bado akitoa moshi. Kisha Whitaker akaingia ameshikana mkono na mkongwe wetu, mzee Alvah Strunk, daktari wa meno mstaafu kutoka Toledo, miaka themanini na kitu, nyonga zote mbili za chuma.

Walisoma majina ya waasisi. Waliimba beti zote za wimbo wa nyumba, na una beti nyingi kuliko sauti nzuri. Mzee Strunk alisimama akiyumba. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Halafu akapiga hatua mbili, akakalia kile kiti.

Mzee akaivuta sahani, akachukua uma, akaanza kula.

"Hii ipo kwenye taratibu?" Whitaker alimnong'oneza Grady.

"Mimi najuaje? Wewe ndiye rais!"

"Mwambie ainuke."

"Mwambie wewe. Alikuwa daktari wa meno wa mama yangu."

Mzee akameza, akafuta midomo kwa upindo wa joho, akanielekezea uma. "Kijana, njoo. Kiti hiki ni cha nani?"

Nikasogea, nikainama. Kichwa kilikuwa kama mzinga wa nyuki. Kama kiti ni cha marehemu, huyu anakula kwa hamu mno. Kama ni cha adui, nimekuja kuapishwa na adui. Kama ni cha ambaye hajazaliwa, basi huyu kachelewa sana. Nilifungua mdomo nikajikuta nasema, tena si kwa kunong'ona, "Mzee, samahani. Nikujibu jibu la nani?"

"Kwani yako mangapi?"

"Matatu, mzee."

Mzee akaweka uma chini. "Matatu," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa jino la ziada. "Aliyekupa la kwanza ni nani? Aje hapa."

Grady alikwenda, akanong'ona. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha, paja la kuku mkononi, akageuza uso ukutani.

"Mzee!" Grady alisema. "Mimi nimeshaapishwa!"

Mzee hakugeuka. Taratibu ni taratibu. Grady akatutazama, hakuna aliyemsaidia, akakusanya joho lake akatoka kwa mlango wa mbele. Akaitwa Tobin. Uso ukutani. Tobin akatoka akinong'ona, "Nilijua, nilijua tu," ingawa sidhani alijua nini. Akaitwa Whitaker, aliyekwenda kifua mbele. Uso ukutani. Baada ya hapo wakaitwa wote mmoja mmoja, na kumbe kulikuwa na majibu ambayo hata sikuwahi kupewa, maana yupo mmoja aliyerudi analalamika, "Lakini kaka yangu aliniambia ni cha bukini!" Naye akatoka.

Nje, kupitia upenyo wa pazia, niliona majoho meupe yamejaa uwanjani mchana kweupe. Mama mmoja jirani alikuwa anapita na mbwa wake. "Mmefiwa, wanangu?" nilimsikia akiuliza. "Hapana, mama," Whitaker akajibu, "hatujui bado."

Ndani tulibaki mimi na mzee na mifupa ya kuku.

"Wote wamekosea?" niliuliza.

"Hakuna aliyesema nililoambiwa mimi."

"Uliambiwa nini, mzee?"

Akafikiri. Alifikiri sana, mpaka nikaogopa kalala. "Nimesahau," alisema. "Lakini si hayo."

Nikakaa sakafuni. Goti lilikuwa linauma. "Na wewe mwaka wako ulijibu nini?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Nilikosea. Mkongwe wa siku ile aligeuka, nikatoka. Ilikuwa baridi ya kukata masikio, na koti langu nililiacha jikoni. Nikazunguka nyuma kulichukua. Nikawakuta wanakata pai ya maboga. Mtu akanipa kipande, akasema, shika ndugu. Nikala. Sikupata nafasi ya kutoka tena."

"Kwa hiyo wewe si…"

"Sijui." Alisema kwa upole kabisa. "Nimebeba majeneza ya ndugu kumi na zaidi. Wajukuu zao wananiita babu. Nani nimwulize leo? Na akisema hapana, nirudishe nini?" Akafuta vidole. "Haya, zamu yako. Kiti ni cha nani?"

Nilitaka kuchagua moja. Naapa nilitaka. Nilimwona Rollo ananipita akienda chooni, nikataka kusema lolote, marehemu, adui, bukini. Lakini nilishaona kila moja likitoka mlangoni limevaa joho.

"Sijui, mzee."

Alinitazama. Nilidhani atatabasamu, kwa sababu ndivyo ninavyojua mambo kama haya huisha. Hakutabasamu. Aligeuza uso ukutani pole pole, nyonga za chuma zikilia.

Nikatoka kwa mlango wa mbele.

Nje walikuwa wanabishana kwa nguvu kiasi kwamba majirani walitoka mabarazani kutazama. Theluji nyepesi ilianza kudondoka juu ya majoho. Grady alimwambia Whitaker kwamba urais wake ni batili. Whitaker akamwambia Grady kwamba basi na yeye hakuwa na haki ya kumpigia kura. Tobin aliniona akanikimbilia.

"Babu! Vipi?"

"Kageuka."

"Hata wewe?" Alionekana kuumia kweli kweli, kuliko alivyoumia kwa ajili yake mwenyewe. "Sasa nani ndugu hapa?"

"Anayeweza kutuita ndani ni ndugu aliyeko ndani," Grady alisema, meno yakigongana.

"Aliyeko ndani ni mzee tu."

"Na mzee kageukia ukuta."

Nilikuwa na fulana tu chini ya lile gunia wanalomvisha mwari, na mfupa wa goti ulikuwa umeshashika baridi. Sikuwa na mpango wowote. Nilisema tu ukweli. "Koti langu liko jikoni."

"Ndiyo?" Whitaker akauliza. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naenda kuchukua koti langu."

Nikazunguka nyumba nikichechemea, nikapita mapipa ya taka, nikafungua mlango wa jikoni. Ndani kulikuwa na joto. Nikavaa koti. Nyuma yangu nikasikia hatua, halafu nyingine, halafu mtu akajikwaa kwenye pipa akatukana. Waliingia mmoja mmoja, wakikwepa kutazamana, kama watu waliokutana kwa mganga. Hakuna aliyesema karibu. Hakuna aliyejua amkaribishe nani.

Tulirudisha viti mezani. Mzee Strunk alikuwa bado ametazama ukuta, anakoroma kidogo, na hakuna aliyethubutu kumwamsha wala kumtoa kwenye kile kiti. Kuku aliyebaki alikuwa baridi, viazi vimeganda. Tulikula. Nilijiuliza kama nimo au simo, na nilipotazama nyuso zao niliona kila mmoja anajiuliza hivyo hivyo.

Tobin akaonja viazi, akakunja uso. "Ndugu, hebu nisogezee chumvi," alisema, bila kuinua macho.

Mikono mitano ilinyooka kwa mpigo. Hata wa Whitaker. Wangu ulitangulia kidogo.

Jioni nilikwenda kwa Rollo kuchukua mfuko wangu wa nguo. Alinikuta mlangoni, akaniuliza naenda wapi. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu kiangazi, nami nikautupia mfuko begani, nikasema, "Kwenye kile chumba cha ghorofani, mpaka mtu anitoe."